Ghala Namba Nne

Tulirekodi ndani ya ghala la ngano, Thunder Bay,
Januari, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
ziwa limeganda hadi jicho linachoka kulitafutia mwisho.
Ngano ilishaondoka kabla sijazaliwa,
imeacha vumbi lake tu, jororo,
kama unga wa mtu aliyehama usiku.

Kazi yangu nyaya.
Nyaya, na maikrofoni kumi na moja,
na kuchunga jiko la gesi lisizimike,
na kunyamaza.

Taras alishusha nyuzi za gitaa lake,
baridi ikashusha nyuzi zake,
zikakutana huko chini, mahali pasipo na jina.
Akapiga mara moja.
Sauti ikapanda bomba la saruji, mita thelathini,
ikagota juu, ikafikiri,
ikarudi imenenepa.
Njiwa wakatoka wote kwa dirisha moja.
Dale, kwenye ngoma, akasema:
hiyo ndiyo albamu, twendeni nyumbani.

Hatukwenda.
Siku nne tulilundika kelele juu ya kelele,
gitaa tatu, spika zinazonizidi kimo,
dakika kumi na moja bila neno, bila kiitikio,
noti moja inasagwa na kusagwa
kama kijaluba kilichosahau nafaka,
mpaka meno yangu yakaujua wimbo
kabla ya masikio.

Siku ya tano akaja Aune
na selo, zeze lile kubwa la kukumbatiwa kwa magoti,
limefungwa blanketi mbili na koti la marehemu babake.
Akakataa kulifungua saa nzima.
Mti ukipashwa moto kwa pupa hupasuka, alisema.
Basi tukangoja, sisi watu wa kelele,
tukanong'ona
kama walio nje ya wodi ya wazazi.

Babake alipakia ngano ghala namba saba.
Si hili. Nilitamani liwe hili.
Si hili.

*

Uta ulipogusana, na utumbo ulokaza,
Hakuna aliyenena, hakuna aliyewaza,
Baridi ikasonona, saruji ikajiliza,
Gitaa likaitika, sauti likapunguza.

Likapanda, likazama, likashika njia ndefu,
Mara kama lenye homa, mara ngurumo hafifu,
Kama mtu anahema,

pa.

*

Uzi mwembamba kuliko wote ulikatika,
ukamchapa Aune kwenye kifundo cha kidole.
Nilinyoosha mkono kuzima mashine.
Taras akanitazama tu: usithubutu.
Akaingia na gitaa zima, akaujaza ule ubeti uliokatwa
kwa mlima,
na Aune, amebaki na nyuzi tatu,
akashuka naye, akashuka,
hadi sikujua tena
upi mti na upi umeme.

Nilipompigia mama, nikamwekea simu karibu na spika.
Mbona mnabomoa nyumba za watu, akauliza.
Subiri, nikamwambia.
Akasubiri. Nilisikia kwake redio ya jirani, sufuria, jogoo asiyejua saa.
Kisha: huyo ni nani analia?
Mti, mama.
Kimya.
Basi mpeni maji, akasema, akakata, salio limekwisha.

Walitaka kuifuta ile pa.
Kijana wa Toronto, mwenye vidole visafi,
alisema ni sekunde moja tu, hakuna atakayejua.
Nilikaa juu ya kisanduku cha kanda nikanywa chai yangu.
Ipo bado. Wimbo wa tano, dakika ya saba.

Na mwisho kabisa, gitaa likishakufa,
usiondoke. Ongeza sauti.
Kuna jiko la gesi, kuna Dale anavuta kamasi,
halafu juu, mbali, mita thelathini,
mabawa:
njiwa mmoja amerudi
kuangalia kama tumemaliza.