Kutu

Bendi yenyewe inaitwa Rez, yaani kutu.
Jina alilitoa mama yake Drahoš, mpiga ngoma,
siku alipoliona gari lao.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, Ostrava, Februari,
theluji imekuwa nyeusi kwa masizi ya tanuri,
nikaingia ukumbi wa wachimba makaa kutafuta joto tu.
Nikawakuta wanne jukwaani, nywele hadi kiunoni,
Zbyšek akinguruma kama msumeno uliokutana na msumari,
na Květa, gita limening'inia hadi magotini,
akilicharaza kama mtu anayekimbia mdai.
Sikuambulia neno hata moja.
Masikio yalivuma siku tatu.
Baba akanituma chumvi, nikamletea kiberiti.

Albamu ya kwanza waliirekodi ghalani, kati ya magunia ya viazi.
Sikiliza vizuri wimbo wa nne: kuna kiazi kinadondoka.
Nitabishana na yeyote anayesema ile ni ngoma.

Ya pili, wenye maduka waliiweka rafu ya chini
pamoja na nyimbo za Krismasi.

Ya tatu ikaja polepole, mashabiki wakanuna.
Wamelainika, wakasema. Wameoa.
Nami nilinuna, sitaficha; niliifungia kabatini mwaka mzima.
Kisha mgodi ukafungwa.
Kaka yangu Ctibor akawa anashinda jikoni
akiitazama mikono yake kama zana alizoazima.
Usiku mmoja nikaitoa kanda ile, nikaiweka,
na ule mwendo wa taratibu, besi ikikokota miguu
kama zamu ya usiku inayopanda kutoka chini,
ulikuwa mwendo wa nyumba yetu.
Walikuwa wametangulia kufika, wametungoja.
Ctibor hakusema kitu. Aliongeza sauti.

Katika ya tano kuna kinanda cha shangazi yake Květa,
kile cha kugongwa kwa vijiti, cha harusi za mashamba.
Chuma na harusi! Nilicheka,
hadi dakika ya sita, vijiti vilipobaki peke yake
na gita likarudi kwa chini, likivinyatia.
Hapo kicheko kikanikauka.

(Ya sita ni mbaya. Mapenzi si upofu.)

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Hawa nani aliwasifu?
Gazeti la Brno liliwapa mistari miwili, likakosea jina.
Opava waliwapigia watu kumi na mmoja,
mmoja wao fundi wa umeme,
na mimi nilihesabiwa mara mbili kwa kuwa nilikuwa na mimba.
Tembo lao hadi leo ni kali, linaunguza koo.

Koo. Ndilo lililomgeuka Zbyšek.
Daktari alikata alichokata, nasi tukanyamaza,
tukijua yamekwisha.
Novemba wakatoa ya tisa.
Hangurumi tena. Anazungumza tu, sauti ya changarawe,
na ngoma zinampisha
kama barabara inavyolipisha jeneza.
Katika mbio zao zote za zamani
hawakuwahi kuwa wazito hivi.

Binti yangu huniuliza: mbona hawajulikani?
Ningependa kumjibu kwamba umaarufu si kitu.
Lakini Drahoš ana miaka sitini, mgongo mbovu,
na alfajiri anaendesha lori la maziwa.
Kwake kingekuwa kitu.

Jana walipiga Frýdek. Mvua, mlango wa nyuma,
spika kubwa imekwama kwenye ngazi.
Miaka thelathini na minne nimesimama upande wake wa jukwaa,
na Květa, mvi tupu, miwani shingoni,
hakuniuliza jina.
"Shika huku," akasema.
Nikashika. Tukateremka kinyumenyume,
yeye akihesabu vidato, mimi nikisahau kupumua.

Asubuhi hii nimeshindwa kufungua kopo la kahawa.
Vidole havikunjiki.
Nimeketi navyo mezani, nikivitazama, nikitabasamu kama mjinga.