Sungura Huyu Si Yule

Chupa ni fupi kuliko kidole gumba.
Imeingia Oulu ndani ya barafu kavu,
bei yake ingemvisha Tuulikki viatu vipya vya theluji.

Ndani, matone machache ya kumbukumbu:
sungura alidungwa kitu kigeni,
damu yake ikakikariri herufi kwa herufi.

Tuulikki analaza kiooni kipande cha uvimbe,
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Anadondosha. Anangoja. Anaosha mara tatu.
Saa nane mchana, na nje giza limeshatanda.

Halafu kahawia inachomoza
kwenye kuta za mishipa ya damu, pete baada ya pete.
Vipokezi vimeitwa, vimeitika.
Anacheka peke yake.

Anaweka kioo cha pili chini ya hadubini,
cha panya aliyezaliwa bila kipokezi hicho,
kinachopaswa kunyamaza.

Nacho kimeitika.
Kahawia kila mahali, kama chai iliyomwagika mkekani.

Anageuza chupa, anasoma namba:
toleo la Novemba.
Lile la Machi liliisha, na mwenye damu yake
aliisha kabla yake.

Daftarini anaandika maneno manne:
sungura huyu si yule.