Herufi Mbili Pembeni

Kilonzi hununua kwa uzani. Ngara, nyuma ya duka la vioo,
ana gunia la vichakataji vilivyokufa,
pini zimepinda kama meno ya kitana cha zamani.
"Hivi vya kaure ndivyo vyenye dhahabu," anasema.
"Vya siku hizi ni makapi."
Nikachagua kimoja. Akakipima, akasita,
akanitoza mia na hamsini,
maana mwalimu, alisema, hata akinunua takataka
lazima ana jambo.

Jambo lilikuwepo.
Kasha lake lilikuwa bado mlangoni, na kibandiko kinasomeka:
jina la wakili aliyemwajiri mama yangu
miaka kumi na tisa,
ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
taipureta kwanza, kisha hii.

Nilikibana kwa koleo juu ya jiko la gesi
hadi kifuniko kikaachia, tak!
kama ganda la nyonyo juani.
Ndani: kigae. Basi.
Hakizidi ukucha wa mtoto,
na pande zote nne nyuzi za dhahabu
nyembamba kuliko unywele wa shingoni.

Jumamosi maabara ya shule huwa yangu.
Hadubini ni ile ile ya ngozi ya kitunguu,
ya kidato cha kwanza, wanaochungulia
wakaona kope zao wenyewe wakazichora.
Nikamulika kwa tochi ya simu, ubavuni.

Mwingine angesema: huu ni mji, umetazamwa kutoka ndegeni.
Mimi nakaa Umoja. Mji naujua,
hauna adabu namna hii.
Hapa hakuna aliyejenga juu ya mfereji,
hakuna aliyesogeza ua usiku.
Rangi tu ndizo nilizozitambua,
zambarau na kijani cha mafuta
yatandaayo kwenye madimbwi ya Barabara ya Kirinyaga
gereji zikishafungwa.

Nikatafuta barua. Ujinga, najua.
Miaka sita maneno yalipita humu:
ilani za kuhama, viapo, talaka,
*tumeagizwa na mteja wetu*,
kila neno likabisha hodi, likapita,
na mlango ukasahau.
Umeme ukikatika
hiki hakikumbuki hata jina lake.

Nilikuwa nageuza kioo niondoke
ndipo pembeni, pasipopita njia yoyote,
nikaona kikombe.
Kikombe cha chai, na moshi wake mistari mitatu,
kimechorwa na mtu. Mtu!
Na chini ya kikombe herufi mbili
ndogo kuliko vumbi.

Nikasogea nyuma. Nikarudi. Bado zipo.

Kila barua ya wakili yule, chini, kushoto,
ilikuwa na herufi zake kubwa, kisha mkwaju,
kisha b na k, ndogo,
Bosibori Kemunto,
sahihi pekee aliyoruhusiwa mama.
Wateja walidhani ni namba ya faili.
Mimi, nikiwa na miaka minane, chini ya meza yake
wakati wa likizo, nilijua,
nikizihesabu kwenye nakala za kaboni
kama mtu anayehesabu kuku wao.

Nikampigia simu. Akaja na vazi la kanisani, siku si ya kanisa,
akapanda ngazi akiilaani kila moja.
Akainama. Kimya.
Vidole vyake, ambavyo sasa haviwezi kufunga kifungo,
vikagonga meza mara mbili,
pole pole, kama vinatafuta vibonye.

"Huyu," akasema, jicho bado kwenye lenzi,
"hakutaka kusahaulika.
Na hakutaka kufutwa kazi."

Akacheka mpaka akakohoa.
Akapangusa lenzi kwa pindo la leso,
jambo ninalowakataza wanafunzi kila siku,
akauliza,
"Umesema huyo Kilonzi ana gunia zima?"