Shingo Upande

Darasa letu liko Barka, juu ya dobi.
Mvuke wa pasi hupanda ngazi kabla yetu,
na kiyoyozi hudondosha maji
ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Mwezi wa kwanza nilikariri orodha:
maneno arobaini, kila moja na maana yake ubavuni
kama bei sokoni.
Niliyajua yote. Sikuweza kulisema hata moja.
Mwalimu Raiyya akatuita dirishani,
akatuonyesha kanzu za watu zikining'inia kule chini:
"Mabega yapo, mikono ipo.
Haya, nani kati yao anakohoa?"

Ndipo akatugawia kurasa za riwaya
iliyokwisha poteza jalada na kurasa za mwanzo.
Ukurasa wa sitini na moja: baridi, stesheni ya treni,
bwana mmoja anamvulia koti nduguye
asiyesemezana naye tangu mirathi.
Anampa.
Lakini kidole chake
kimebaki kwenye kitufe cha mwisho.

Na hapo, baina ya kidole na kitufe,
lilikaa neno nililolikariri mara mia,
Kiingereza kigumu, chenye kikwazo katikati
kama mwiba wa samaki kooni.
Kamusi yangu ilisema tu: asiyetaka.
Asiyetaka! Mbona ametoa?

"Shingo upande!" nikapayuka.
Badriya peke yake alicheka,
kwao nako hugombana kwa Kiswahili.
Wengine walinitazama kama niliyepiga chafya.

Kwa zoezi la nyumbani niliandika
habari za Korola yangu mwezi wa nane,
inavyowaka saa saba mchana, kwa neno lile lile.
Nikajua nimekosea: gari lina moyo gani?
Mwalimu akatia tiki mbili,
ya pili ikachana karatasi.

Jana mama kaniuliza,
yeye aliyekuja huku kutoka Unguja na miaka thelathini,
Kiarabu cha Barka akakiokota kwa wauza vitambaa,
dhiraa kwa dhiraa:
"Wiki nzima hii, umejifunza nini?"
"Neno moja, mama."
"Moja! Na ada wamechukua?"
"Wamechukua."
Akaguna. Akanisogezea halua,
kipande cha mwisho, chenye lozi.
Nikaivuta sahani. Haikuja.
Kidole chake kilikuwa bado ukingoni.