Sauti ya Shaame

Ukuta wangu na wa maskani ni mmoja.
Usiku wa Jumanne Shaame Mbarouk
alipiga meza hadi bilauri zikaruka:
"Wao ni wao! Sisi ni sisi!"
Wakereketwa mia na arobaini,
wenye kadi, wenye kura, wenye makoo,
wakamwitikia,
chokaa ikanidondokea mchuzini.

Asubuhi kaja uani,
kanzu imenyooshwa, kofia mkononi.
Kachuchumaa jamvini tukichambua karafuu,
mimi na wifi yangu Time, asiye na kadi ya chama chochote.
"Bi Raya, mimi mtu wa watu wote.
Kisiwa chenyewe kidogo hiki, tuvumiliane."

"Na yule wa jana usiku?"

Akacheka. Akaokota kikonyo, akakitafuna.
"Mlango wa mbele una bawabu, bibi.
Kwanza nipite kwake."

Kapita. Kwa kura tisa.
Leo kampeni, Wete imejaa uwanjani,
nasi tusio na kadi tumo, mstari wa nyuma,
tunangoja lile neno la jamvini.

Anafungua kinywa.
Koo linakwaruza tu, kama mbuzi ya nazi.
Sauti kaimaliza
upande wa pili wa ukuta wangu.