Umbo la Uru

Imeletwa kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi la hospitali,
hadi bandani kwangu, Barabara ya Ngong,
kati ya makochi mekundu na vitanda vya mkopo.
Bi Zarina anasema: Ufaransa,
kabla mfalme wao hajakatwa kichwa.
Taratibu, fundi.

Juu, vibao vyembamba kama ganda la kitunguu
vimepangwa hata jicho likaona masanduku yamesimama.
Ukipapasa, bapa.
Kimoja hakipo: tundu dogo, umbo la uru,
kama karata iliyoibwa mchezoni.

Nikachemsha gundi ya ngozi kutoka Burma.
Kyalo wa makochi akaziba pua:
"Leo unapika marehemu?"

Nilipoigeuza niione tumbo
nikakuta alama ya kidole gumba
ndani ya gundi kuukuu, imekauka na mistari yake yote.
Nikaweka changu juu yake.
Chake kidogo.
Mwanagenzi, basi. Mtoto wa kutumwa maji.

Ndipo nilipoona, pembeni kabisa,
sanduku moja limepinduka,
kivuli juu, mwanga chini.
Alisinzia, labda, mshumaa ukimwishia.
Bwana wake hakuona.
Na wote waliokunywa chai hapo,
wakahesabu fedha hapo, wakaandikia wapenzi hapo,
hawakuona.

Tundu nimeliziba kwa mpingo,
kipande kilichosalia baba alipochonga rungu lake la mwisho.
Lile lililopinduka
Bi Zarina hajaniuliza.
Nimelipaka nta mara mbili.