Jani Moja, Mkia Mmoja

Mwenge, kwenye vitalu vya maua kando ya barabara,
nimelikuta: zambarau, moyo wa njano,
kibandiko kinasema Uholanzi,
bei elfu kumi na nane.
Nikacheka hadi muuzaji akarudi nyuma hatua moja.
Dughulushi!
Utotoni Lushoto nilichungia mbuzi juu ya kichwa chako,
leo umerudi kwa ndege
na mimi napunguziwa elfu mbili kwa kulijua jina lako.

Nikaliweka barazani, Sinza, juu ya mfuniko wa ndoo.
Ambakisye, jirani yangu wa Rungwe, akalitazama
kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa wa mtani wake.
"Hili nalo linaliliwa?
Kila bibi wa Ulaya analo dirishani.
Kipunji wetu hana dirisha hata moja.
Nywele zimemsimama utosini kama aliyeamshwa kwa kelele za mwizi,
anabweka mara mbili, ukungu unamfunika.
Baba alimzoea. Mimi nilimwona mara moja.
Mwanangu, mzaliwa wa Mwananyamala,
kamwona kwenye simu, akauliza: anakula chipsi?"

Tukabishana mpaka umeme ukarudi.
Wako ana macho, nikamwambia,
akiitazama kamera watu wanafungua pochi.
Nani kawahi kuuchangia mwamba wenye kivuli?
"Wangu anapiga kelele, kweli," akasema.
"Msumeno nao unapiga kelele.
Unadhani alisikika nani?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kuanua nguo.

Baadaye jani moja lilidondoka.
Nikalichomeka kwenye kopo la mtindi,
udongo wa Sinza, mweusi, una vigae vya chupa.
Mwezi wa pili likazaa: kijani kidogo kama ukucha wa kichanga.
Nikampelekea. Akakaa nalo mkononi, chai ikapoa.
"Mkia wa kipunji," akasema, "ukiupanda hauoti."

Sikumcheka.
Nikamwambia nilichokuwa nimemficha:
Desemba nilikwenda nyumbani.
Mwamba upo. Unawaka jua kutwa kama bati.
Mwamba hakuna aliyeuiba;
kilichouzwa ni kivuli, gogo kwa gogo,
na maua yakafuata bila kuaga.
Hili la kopo ni la ukoo wao, lakini halijawahi kusikia maji yakianguka.

Ambakisye akasogeza redio pembeni,
akaweka kopo dirishani, upande usio na jua.
"Linamwagiliwa mara ngapi?" akauliza.